Mtu amejiua, na zimebaki dakika arobaini tuingie hewani

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni simu inalia. Ni kijana wetu wa mashinani. "Asalaam aleikum mama, nina habari kubwa." Mara inaingia hii kwenye WhatsApp. Nimebadilisha kila kinachoweza kumtambulisha mtu:

"Majonzi yametanda katika kijiji kimoja cha Lamu baada ya mvuvi wa miaka 34 kufanikiwa kujitoa uhai kwa … Kwa mujibu wa chifu, marehemu alichukua hatua hiyo baada ya kukosana na mkewe kuhusu pesa za chama cha akiba. Mwili uligunduliwa na mwanawe wa gredi ya sita. Ameacha barua."

Penye nukta alikuwa ametaja njia, kifaa na mahali. Nimevitoa, na sababu utaiona mbele.

Huyu kijana si mzembe. Alimpigia chifu, akapiga na polisi, na hakuna uongo hata sentensi moja. Ndiyo maana nimeichagua skripti hii. Habari ya uongo hainipi kazi, naitupa. Hii ni kweli tupu, na haifai kusomwa hata nusu yake. Nimekalia kiti cha mhariri katika redio ya hapa Lamu zaidi ya miaka kumi na tano, na kila anayeanza kazi huniuliza jambo hilihili, basi naliandika mara moja.

Kabla ya lolote najiuliza kama habari yenyewe ni ya kusomwa. Mara nyingi siyo. Mtu wa kawaida akijiua nyumbani kwake, huo ni msiba wa watu wake, nasi hatuna haja ya kuugusa mpaka wenyewe walete tanzia kama wanavyoleta za vifo vingine. Ninaichukua habari ikiwa marehemu alikuwa na dhamana ya umma, au alifia mikononi mwa serikali, selo au jela. Naichukua pia ikiwa kuna jambo nyuma yake linalowagusa wengi na linaloweza kurekebishwa, au uvumi unaomwunguza mtu asiye na hatia na maneno mawili ya kweli yanaweza kuuzima. "Watu wote wameshajua" si sababu. Lamu watu wote hujua kila kitu kabla ya alasiri. Lakini linalosemwa barazani kesho hugeuka, na likisemwa redioni limepigwa muhuri.

Baada ya hapo nampigia ripota na kumuuliza: familia imeambiwa? Ameambiwa nani, na nani aliyemwambia?

Swali hilo sikulipata kwenye semina. Mwaka wangu wa pili kazini nilisoma habari ya kijana mmoja. Jina sikulitaja, nikajiona nimetenda haki. Nilitaja umri, mtaa, kazi yake ya kutembeza watalii kwa mashua, na namna alivyokufa. Siku ya pili nikajifunga buibui langu nikaenda kuhani, maana nyumba ile si mbali na kwetu. Tumeketi mkekani, mikono inapokewa, nami nikasema yasemwayo, Mungu awape subira. Mtu mzima mmoja wa nyumba ile akaniinulia macho. "Sauti yako naijua," akasema. Hakuongeza neno. Nilipotoka ndipo nikaambiwa kuwa mamake yule kijana alikuwa jikoni akikuna nazi, redio iko dirishani, na wanaume wa nyumba wako njiani kuja kumwambia. Nilifika kabla yao. Ile mbuzi ya nazi ilikaa palepale sakafuni, na nusu ya nazi juu yake, mpaka waliokuja kupika chakula cha msiba walipoiondoa.

Kwa mvuvi wetu jibu lilikuwa: mke anajua, ndugu wanajua, mamake yuko Faza na hajaambiwa, mtu amepanda boti kumfuata. Basi habari haikusomwa saa moja. Saa moja ile tulisoma habari ya kaunti, bei ya samaki, na maji kupwa na kujaa. Hakuna aliyepiga simu kulalamika.

Sasa maneno, na hapa nitakaa kidogo.

Miongozo mingi ya kuripoti kujiua imeandikwa kwa Kiingereza, ukiwemo ule wa Shirika la Afya Duniani uliotoka mwaka 2000 na kuhuishwa mara kadhaa, mara ya karibuni 2023. Ushauri wake ni mzuri, lakini ukiufasiri neno kwa neno utapigana vita visivyo vyako. Wenzetu wa Kiingereza wanahangaika na kitenzi chao "commit", chenye harufu ya jinai ndani yake. Sisi tuna "kujiua", neno wazi, halijafungwa pingu. Litumie. Shida yetu iko kwingine: Kiswahili kina vitenzi vinavyobeba njia tumboni. Unavijua, sina haja ya kuvipanga hapa kama samaki wa mnadani. Magazeti yanavipenda kwa kuwa ni vifupi na vinaingia vizuri kwenye kichwa cha habari. Ripota ataniapia kwamba hakutaja njia, kumbe kitenzi chake kimeshaitaja kwa silabi tano, na kifaa kiko machoni pa msikilizaji. Kwangu neno ni moja: amejiua, au amefariki kwa kujiua. Lolote linalochora picha naliondoa.

Kisa chake ni hiki. Katika wanaotusikiliza usiku yuko mmoja ambaye wazo hilo limemkalia. Wimbi la namna hiyo mara nyingi hupanda na kushuka. Mtu akivuka saa chache, au usiku mmoja, au akipata wa kuzungumza naye, anaweza asirudi tena pale. Anachohitaji ni muda. Ukimweleza njia kwa ufasaha, umempunguzia muda huo.

Angalia na "kufanikiwa". Kufanikiwa ni kwa aliyepita mtihani. Ndugu yake ni "jaribio lililofeli", kana kwamba aliyeokoka ndiye aliyeshindwa. Sema amejaribu kujiua na yuko hai, anatibiwa. "Ameamua kukatiza maisha yake" nayo inampa utulivu wa mtu aliyekaa na kalamu akipiga hesabu, na hali haiko hivyo. "Kujitoa mhanga" usiitumie kabisa, hiyo ni sadaka. Upande wa pili usijifiche nyuma ya "amefariki katika hali ya kutatanisha". Maneno hayo hapa petu yana maana moja tu, kwamba kuna muuaji, na kabla ya Isha kijiji kitakuwa kimeshamchagua. Na vifo viwili katika mwezi si "wimbi la kujiua". Wimbi huvuta wengine.

Neno "kosa" pia. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa jinai, mtu akaweza kufungwa hadi miaka miwili, nasi tulikuwa tukisoma habari za mahakamani za watu waliotolewa wodini wakapelekwa kizimbani. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Bado napokea skripti zenye "anakabiliwa na kosa la kujaribu kujiua". Aliyeokoka ni mgonjwa. Akisikia redio inamwita mshukiwa, hatakwenda hospitali, na watu wake watamficha.

Mahali. Mwenzetu wa Nairobi akisema "mkazi wa Kayole" amemficha mtu katika bahari ya watu. Kaunti yetu nzima ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019, na hao wametawanyika visiwani na bara, kutoka Mpeketoni hadi Kiunga. Ukisema "mwalimu wa kike wa Kizingitini" umekwisha mtaja jina, jina la baba, na mlango wa nyumba. Ukisema "fundi wa mashua wa Matondoni", vilevile. Kwa hiyo mimi nachagua kimoja: ama kazi, ama kijiji, ama umri, na mara nyingi hata hicho kimoja nakiacha. "Mkazi mmoja wa kaunti ya Lamu" inatosha. Wanaomjua wanajua, na wasiomjua hawapungukiwi na kitu.

Pale penyewe palipotokea kifo ndipo sipataji kamwe, liwe gati, kisima au jengo. Wakibisha ninawapa kisa cha Vienna, mji mkuu wa Austria. Walifungua reli yao ya chini ya ardhi mwaka 1978. Miaka ya themanini ikaanza desturi ya magazeti kuandika kwa mbwembwe kila mtu aliyejiua kwenye reli ile, kwa picha na maelezo, na vifo vikawa vinaongezeka. Mwaka 1987 wataalamu waliwaendea wahariri na mwongozo: msiweke ukurasa wa kwanza, msieleze njia, msitoe picha, na nyingine msiziandike kabisa. Wahariri wakakubali. Katika nusu ya pili ya mwaka uleule vifo na majaribio kwenye reli hiyo vilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili, na havikurudi vilikokuwa. Reli ilikuwa ileile na mji uleule. Kilichobadilika ni magazeti.

Kinyume chake ni Marekani, Agosti 2014, alipofariki mwigizaji Robin Williams na vyombo vikaeleza kila kitu hadi chumbani. Watafiti waliohesabu vifo vya miezi mitano iliyofuata walikuta watu waliojiua wamezidi makadirio kwa karibu asilimia 10, watu 1,841. Vijana wakiniambia "mama, sisi tunaarifu tu," nawatajia namba hiyo, kisha narudi kwenye kazi yangu.

Turudi kwenye skripti. "Baada ya kukosana na mkewe kuhusu pesa za chama." Ripota atasema hakusema ni kwa sababu ya mke, alisema baada ya. Mwanangu, "baada ya" katika habari ya kifo husikika "kwa sababu ya", na wewe unajua. Mtu hajiui kwa neno moja la jana. Kuna ugonjwa wa akili usiotibiwa, ulevi, madeni, maumivu ya mwili, upweke, mambo ya utotoni, na yale yasiyojulikana na yeyote; neno la jana ni lile watu waliloliona tu. Sasa mtazame huyo mwanamke. Amefiwa, anakaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ileile, na kila anayeingia kumhani ameshasikia redioni kuwa mumewe alikufa baada ya kukosana naye. Sentensi ile inakaa eda pamoja naye, kisha yeye akitoka yenyewe haitoki. Kwa watoto wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni vivyo hivyo. "Ajiua baada ya kupata D" inamfundisha mwenye D mwingine kwamba D ina jibu. Chifu akikupa sababu, andika kwenye daftari na uiache humo.

Barua haisomwi. Hata mstari mmoja. Hata ikiwa nzuri, na zile nzuri ndizo hatari zaidi. Mtoto aliyeuona mwili hatajwi wala haulizwi, si leo, si siku ya arubaini.

Kuna jambo la pwani ambalo miongozo ya nje haina: sala. Akifa mtu namna hii, ripota mwepesi hukimbilia kwa sheikh na maiki kumuuliza kama marehemu atasaliwa. Simruhusu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyotawala huku kwetu, maiti huyu huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa kama Mwislamu mwingine. Wapo masheikh wanaochelea kumsalia wao wenyewe, kwa kufuata hadithi ya Mtume, ili watu waogope tendo, lakini jeneza husaliwa. Hiyo ni elimu ya darasani. Kuifanya mjadala wa saa moja na mwili uko ndani ni kumtoa maiti barazani. Sheikh ana kazi nyingine hewani, nami humwita kwa kazi hiyo siku nyingine kabisa, isiyo na jeneza: kijana akikujia baada ya sala akakwambia maisha yamemchosha, unamwambia nini, unampeleka wapi? Mmoja alinijibu hivi mbele ya maiki: "Kwanza namwambia akae, sisi sote tunakaa. Mawaidha nayaweka kando. Namsikiliza mpaka anyamaze mwenyewe, kisha nakwenda naye hospitali, simtumi." Sehemu ile tumeirudia mara nyingi kuliko kaswida.

Simu za wasikilizaji ndizo zilizonipa mvi. Redio ndogo haina mtambo wa kuchelewesha sauti, kinachosemwa kimesemwa. Habari ya kujiua ikisomwa, kipindi cha simu kinachofuata hakigusi mada hiyo. Tukiamua kuizungumza, kila anayepiga anaongea kwanza na mtu wa nje ya studio, anaulizwa atasema nini, anaambiwa wazi: njia usitaje, jina usitaje. Akiteleza, mtangazaji afunge simu bila kumgombeza na aendelee na sentensi yake mwenyewe, asirudie neno lililotoka hata kwa kulikanusha.

Na akipiga mtu anayesema yeye mwenyewe amechoka na anataka kufa? Usimkatie, usimtilie wimbo, usimfanye kipindi. Mtangazaji aseme, "Nimekusikia ndugu yangu, usikate, kuna mtu anaongea nawe sasa hivi," simu itoke hewani, na mtu mmoja wa nyuma abaki naye bila kushughulika na lingine. Amuulize wazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Aulize yuko wapi, yuko na nani, na kama kuna kitu cha hatari karibu naye ambacho mtu mwingine anaweza kukiondoa. Mwingine atumie simu ya pili kutafuta jirani na msaada. Kwetu hili limetokea mara mbili. Mara ya pili aliyebaki kwenye simu alikuwa fundi mitambo, dakika hamsini, na mazungumzo mengi yalikuwa ya mpira wa Uingereza.

Mwisho wa habari tunatoa namba, na zisisomwe kama tangazo la magodoro. Polepole, mara mbili. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, bila malipo. Befrienders Kenya ni 0722 178 177. Mtoto, au mtu mwenye wasiwasi juu ya mtoto, ni 116. Kila ninapoziweka nazipigia mimi kwanza, nione kama zinapokelewa, maana namba isiyopokelewa usiku ni mlango mwingine uliofungwa. Kisha naongeza la hapa. Kumwambia mtu wa Kiunga aende hospitali ya King Fahad usiku ni kumwambia apande mwezini, kwa hivyo tunasema: nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, na kabla ya hapo mwambie mtu mmoja, jirani, shoga, ami yako, akae nawe mpaka kupambazuke.

Habari hii haiwi ya kwanza kwenye taarifa, wala haiwekewi muziki wa huzuni. Kwenye ukurasa wetu wa Facebook haipandi na picha ya nyumba, umati au jeneza, na sehemu ya maoni inafungwa. Aliyevuka naye ana nafasi yake: watafiti wa Austria walionyesha mwaka 2010 kwamba habari za watu waliofikia ukingoni wakapata namna ya kurudi zilienda pamoja na kupungua kwa vifo. Tarehe 10 Septemba, siku ya dunia ya kuzuia kujiua, huwa namtafuta mmoja wa hao, asimulie alivyorudi, na ya alivyokwenda nayakata.

Mvuvi wetu alisomwa asubuhi yake, habari ya nne. Nilikuwa nimeamua tuiache, lakini usiku ule WhatsApp ya kijiji ilianza kudai kwamba ameuawa na mashemeji. Ikabaki hivi:

"Polisi wanasema mkazi mmoja wa kaunti ya Lamu amefariki kwa kujiua, na kwamba hakuna mtu anayeshukiwa wala kutafutwa. Wamewataka wananchi waache kusambaza uvumi. Familia imeomba iachwe iomboleze. Kama wewe au mtu wako amelemewa, usikae peke yako," kisha namba.

Kijana alinipigia akiwa amenuna. "Mama, umeniachia mifupa." Nikamwambia mifupa ndiyo iliyokuwa yake, nyama ilikuwa ya wenyewe. Akacheka kidogo, halafu akanyamaza muda mrefu kuliko anavyonyamaza. Yeye ndiye aliyefika kule kabla ya polisi. Haikuwa bahati mbaya skripti yake kuwa na njia na mahali. Alivitaja kwa sababu alikuwa ameviona.

Hilo nalo liweke kwenye orodha ya zamu. Ripota aliyefika mahali hapo haendi kwenye habari nyingine siku hiyo, na jioni anapigiwa, si kuulizwa skripti. Nilimuuliza kama amekula. Tangu jana mchana, akasema, hapana. Nikamwambia aje nyumbani, kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka, na simu yake aiache kwao.